Mpini na Mkono Wake

Muuza mashine za useremala hana haraka na mteja, hata awe na pesa mkononi. Ukimwonyesha msumeno wa umeme mkubwa kuliko yote pale rafuni, atakupa uushike, waya ukiwa bado umefungwa, kisha aanze kukusimulia habari za mbwa mgonjwa wa jirani yake. Mbwa huyo hafi wala haponi. Hadithi huisha pale mkono wako unapoanza kutetemeka. "Haya, sasa tuzungumze," husema, akilirudisha lile dubwana na kukushushia mdogo wake. Vidole vyake vinene hupapasa kila mpini kama vya mtu anayechagua parachichi.

Mama aliyeingia asubuhi ile alitaka drili ya kumshtukiza mumewe, ambaye tangu astaafu amekigeuza chumba cha uani kuwa karakana.

"Mkono wake ukoje?" muuzaji akauliza.

Mama akababaika. Miaka yote ya ndoa, hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Muuzaji akaweka kiganja chake juu ya kaunta. "Basi linganisha na huu."

Mama akatupa jicho mlangoni, akaushika, akafumba macho. "Wake mwembamba," akasema taratibu. "Gumba limepinda kidogo. Halafu una joto kuliko huu."

Siku hiyo mbwa hakutajwa. Muuzaji alishusha drili ndogo, akaifuta vumbi kwa aproni yake, akamwelekezea mama mpini.

"Wembamba nimeupata, mama," akasema. "Hilo joto mnalo wenyewe nyumbani."