Kompyuta ya Marehemu Ilipogonga

Fundi wa mtandao wa hospitali alikuwa amerithi kazi ya kaka yake, aliyetangulia mbele za haki kwa ugonjwa wa ghafla. Asubuhi hiyo alimwomba Mungu, kisha akauwekea ukuta wa mtandao, yaani mtambo unaochuja kila kinachoingia, kanuni mpya: kompyuta yoyote ya nje ikigonga mara nyingi na kukataliwa, itangazwe kuwa tishio, naye aamue kuifungia.

Chai haijapoa, tishio la kwanza likatokea kwenye skrini. Alipoitazama anwani yake, aliitambua mara moja. Ilikuwa kompyuta ya nyumbani kwa marehemu, ikijaribu yenyewe, kama ilivyozoea, kuingia mtandao wa kazini kwa nywila iliyokwisha kufutwa.

Akampigia mjane. "Shemeji, nani kaiwasha kompyuta ya kaka?"

"Mimi, shemeji. Naiwasha kila asubuhi nisikie feni yake inavyokoroma. Si unajua yeye na feni yake wote wawili walikuwa wakikoroma?" Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Kwani nimeharibu kitu?"

"Hujaharibu kitu. Wewe iwashe tu."

Angeweza kuiruhusu hiyo moja ipite. Lakini kaka ndiye aliyemfundisha kazi: "Bwana mdogo, ukimwachia mmoja kwa huruma, mwizi naye atapitia hapo hapo." Na hospitali ina siri za wagonjwa.

"Nisamehe, kaka," akanong'ona, akaifungia.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi ukuta humwarifu kwamba kompyuta ile imegonga tena, naye huacha kazi kidogo, akamwombea marehemu.