Fedha ya Mjomba

Juzi dukani Mbinga mjini niliona pambo la funguo lililotengenezwa kwa ganda la risasi, jeupe, linameta. Muuzaji akaniambia, "Ni shaba hiyo, dada. Imepakwa nikeli juu tu." Hasira za zamani zikanipanda pale pale.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Liuli, kwa bibi. Mjomba, aliyekuwa akiwabebea wawindaji mizigo, alimletea ganda kama lile. "Mama, hii ni fedha halisi, ya kutengenezea pete," alisema. Bibi akamchinjia jogoo. Harufu ya mchuzi ikatanda uani, nami nikatumwa ziwani na masufuria.

"Na hili nalo lisugue ling'ae," bibi alisema, "Jumapili nilivae shingoni kanisani."

Nikalisugua kwa majivu na mchanga kama tulivyosugua masufuria, mpaka vidole vikawaka moto. Weupe ukatoka, umanjano ukajitokeza. Nilidhani fedha ikisuguliwa sana huwa dhahabu. Nikapanda mbio, maji yakinichuruzika.

"Bibi, imegeuka dhahabu!"

"Umeibadilisha! Fedha yangu umempa nani?"

Fimbo ikaanza. Nilimtazama mjomba, nikingoja aseme. Alijua vizuri sana lile ganda ni kitu gani. Alikuwa anatafuna firigisi, taratibu, macho kwenye bakuli.

Bibi alifariki akiamini mjukuu wake ni mwizi. Mjomba yupo, na Jumapili anakuja kwangu kula. Shikamoo nitampa. Firigisi hapati.