Simu Isizime

Watu wa mtaa wa Cheyo wanaomjua Mzee Valentino watakuambia kwamba alikuwa mtu wa taratibu, hana papara wala makuu. Miaka ishirini na sita alifanya kazi reli, akigeuza njia za treni pale stesheni ya Tabora, kazi ambayo mtu wa pupa haiwezi hata siku moja. Alipostaafu akanunua Raum ya rangi ya fedha, akaifanya teksi, akawa anaegesha nje ya stesheni na kusubiri abiria bila kumvuta mtu mkono. Huyo ni Valentino wa zamani. Huyu wa siku hizi alikuwa anatoa simu mfukoni kila baada ya dakika tano kuangalia chaji imebaki asilimia ngapi, na ikishuka chini ya sitini anaanza kutokwa jasho.

Sababu yake ilijulikana mtaa mzima, ila hakuna aliyeitaja mbele yake.

Mwaka uliopita bintiye Julieth, mwalimu wa shule ya msingi aliyeolewa Bukene, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza kabla ya wakati. Akampigia baba yake simu mara kumi na moja. Siku hiyo Valentino alikuwa amempeleka abiria Sikonge, na simu aliyokuwa nayo tundu lake la chaji lilikuwa limelegea, waya mpaka uupinde na kuukandamiza ndipo ukamate. Gari likapiga shimo, waya ukachomoka, simu ikazima, naye akaendelea kuendesha huku anaimba. Kuimba, jamani. Aliiwasha saa kumi jioni. Taarifa za simu zilizokosa kupokelewa zikaingia mfululizo, kumi na moja zote za Julieth, na mwishoni ukaingia ujumbe wa mkwe wake Mhoja, kwamba mtoto amezaliwa hana uhai.

Hakuna aliyemlaumu, si Julieth wala Mhoja. Mkewe Eustadia, anapepeta mchele uani, alisema mara moja tu, "Kumbe ilikuwa imezima." Lakini maneno hayo matatu Valentino alilala nayo na kuamka nayo mwaka mzima.

Sasa Julieth alikuwa mjamzito tena, na mwezi wa tisa ulikuwa unakatika. Makubaliano na wakwe yalikuwa kwamba Jumatatu Valentino aende Bukene akamchukue, aje ajifungulie Tabora karibu na mama yake. Anton, kijana wao wa kwanza anayefanya kazi Dar, akamtumia baba yake simu nyingine kwa basi, iliyotumika lakini nzima. "Baba, hii inachaji bila waya," akamwambia. "Unaibandika tu kwenye chaja yake. Kanunue ya kwenye gari, uache kuhangaika na tundu."

Alhamisi asubuhi Valentino akaingia duka la Omari, muuza vifaa vya simu, kule Gongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka chaja ya gari isiyo na waya. Na nataka ile isiyomwangusha mtu."

Omari akampangia tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa bapa, simu unailaza juu yake. Valentino akauliza kama haitateleza. Omari akasema kwa lami haitelezi. "Mimi naenda Bukene," Valentino akasema. "Basi hiyo achana nayo," Omari akaitoa mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya sumaku.

"Hii inashika vizuri, lakini simu yako haina sumaku mgongoni. Ikikaa upande kidogo tu, haili."

"Haili ndiyo nini?"

"Inakaa hapo, lakini chaji haiingii."

Valentino akaisukuma mbali kwa kidole. Ya tatu ilikuwa na mikono miwili. Ukiisogezea simu, mikono inajifunga yenyewe na kuibana mgongo kwa chaja. Hiyo akaipenda, na kwa kuwa ameipenda akazidi kuiogopa.

"Ila nikwambie ukweli, mzee wangu," Omari akasema, "haichaji haraka kama waya. Na simu inapata joto kidogo."

"Ikipata joto inazima?"

"Haizimi."

"Umeona kwa macho yako au umeambiwa?"

"Mzee, unanunua chaja au wewe ni uhamiaji?"

Valentino hakucheka. Alitaka ijaribiwe pale pale, kwa hiyo wakaiunganisha, naye akasimama mbele yake nusu saa nzima, anahesabu. Kutoka sitini na moja ikapanda hadi sabini. Akalipa bei aliyotajiwa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo Omari alilisimulia siku mbili.

Akapita nyumbani kula, Eustadia akaiomba simu mpya aione, akaishikashika, akamrudishia. Alasiri akalipeleka gari kwa Ezekia, fundi umeme wa magari. Ezekia ni Mmoraviani, mpiga tarumbeta wa kanisa lao, mtu wa utani ambaye mikono yake haina utani. Akakibana kishikio kwenye tundu la upepo la dashibodi, akapitisha waya kwa chini usionekane, akauchomeka pale pa kuwashia sigara. Simu ikabanwa. Taa ya bluu ikawaka, kisha ikaanza kupepesa nyekundu, na chaji haikuingia. Wakaitoa, wakairudisha. Bado. Ezekia alipogusa mgongo wa simu akaurudisha mkono haraka, maana ulikuwa wa moto.

Valentino akaitazama ile taa nyekundu. "Omari kaniuzia feki."

"Dukani si ilikubali?"

"Ilikubali, nimesimama naitazama."

"Basi kuna kitu kimebadilika toka dukani." Ezekia akavua kava la simu. Ndani yake, katikati kabisa ya mgongo, kulikuwa na medali ya Bikira Maria iliyobandikwa kwa kipande cha plasta. Eustadia hutia medali kwenye kila kitu anachotumia mume wake, kwenye pochi, chini ya kiti cha gari, na sasa kwenye simu, tena ile aliyoibariki padri.

"Mzee, chaja hizi na chuma haviivani," Ezekia akasema. "Chuma kikikaa katikati, kinapata moto chenyewe na simu inabaki na njaa. Mngekuwa Wamoraviani yasingewakuta haya."

Mtu mwingine angecheka. Valentino alisimama na ile medali kiganjani hajui afanye nini, kuirudisha anaogopa, kuitoa anaogopa. Mwisho akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Simu iliporudishwa, taa ikatulia bluu. Angeishia hapo, sasa hivi tusingekuwa na la kusimulia. Lakini hofu ikishamwingia mtu haishibi.

"Nikizima gari, inaendelea kuchaji?"

"Hapana. Ukitoa ufunguo na umeme wa hapo unakatika."

"Basi nivutie waya wake moja kwa moja kutoka kwenye betri."

Ezekia akafuta mikono taratibu. "Mzee, betri yako nimeipima, imechoka. Hiki kidude kitakuwa kinainyonya usiku na mchana. Gari likikaa siku mbili tatu halijatembea, utakuja kunitafuta."

"Gari langu linatembea kila siku."

"Na siku lisipotembea?"

"Ezekia, we nivutie waya."

Ezekia akavuta waya, akaweka na fyuzi, akatikisa kichwa. Mteja akitaka, fundi afanyeje.

Ijumaa Valentino akaanza kufikiri. Itakuwaje Julieth akipiga yeye yuko Urambo na abiria? Akaliegesha gari uani, akakataa kazi. Simu akaibana kwenye mikono ya chaja, naye akakaa kiti cha dereva anailinda. Saa ya taarifa ya habari anafungua redio ya gari. Jua likizidi anafungua mlango, miguu nje. Jumamosi Eustadia akamletea ugali na mlenda humo humo.

"Umehamia?"

"Nasubiri simu."

"Simu ina miguu, itakufuata ndani." Lakini alipomwona uso, akaacha utani, akamwekea maji ya kunawa juu ya boneti. Mkewe alijua anachosubiri. Na yeye alikuwa anakisubiri vile vile, ila yeye alikuwa na jiko la kushughulika nalo.

Jumapili saa moja na nusu asubuhi simu ikalia. Chaji ilikuwa asilimia mia moja.

"Baba."

"Niambie, mama." Tangu Julieth ni mdogo, baba yake alimwita hivyo, mama.

"Chupa imepasuka."

"Nakuja. Nakuja sasa hivi." Akageuza ufunguo. Gari likasema tik. Akageuza tena, tik, na taa za dashibodi zikafifia zikapotea. Na Raum hiyo ni otomatiki, hata ukiita mtaa mzima usukume haiwaki. Valentino akashika usukani kwa mikono miwili. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na aibu ikamjaa juu ya woga. Alionywa. Alionywa na fundi kwa maneno mepesi kabisa, akaziba masikio. Kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu, kwamba wa kwanza alimpoteza kwa simu, na sasa wa pili anampoteza kwa chaja.

"Mama," akasema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua, "gari haliwaki."

Kule Bukene Julieth alikuwa anapumua, anasubiri uchungu upite. Nyuma yake alisikika mama mkwe wake, Ng'washi, anampa mtu maelekezo kwa Kisukuma. Mhoja alikuwa mnadani Igunga na ng'ombe tangu juzi.

"Si kitu, Baba. Jirani yetu Ngollo amekuja na bajaji yake. Kituo cha afya si mbali, tunakwenda."

"Basi kata, nimtafute mwenzangu wa stesheni anilete."

"Usikate."

"Mama, nikae hapa nafanya nini? Acha nije."

"Ukishaingia porini hakuna mtandao, unaijua hiyo njia. Saa mbili nzima sitakupata." Akapumua tena, kwa shida. "Baba, mwaka jana sikukupigia uje."

Valentino akaachia usukani.

"Asubuhi ile uliniambia unakwenda Sikonge. Nilijua huwezi kufika. Nilikuwa na watu, gari lilikuwepo, walinipeleka. Nilikupigia nikusikie tu. Niliogopa, nikataka uniambie upo."

Mara kumi na moja. Mwaka mzima alikuwa amezihesabu kama safari ambazo hakuzifanya, ameendesha kila moja kichwani kutoka Sikonge hadi Bukene, akakuta amechelewa kila mara. Kumbe hakuna aliyemwomba safari. Akainamisha paji la uso kwenye usukani na kulia, mzee mzima, uani kwake, mchana kweupe. Eustadia alikuwa amesimama kwenye dirisha la gari, na kwa kuwa simu ilikuwa kwenye spika amesikia kila neno. Akamwekea mkono begani.

"Ongea naye, baba Anton," akasema. "Mtoto anasubiri."

"Nipo," Valentino akasema kwenye simu. "Mama, nipo hapa. Siendi popote."

Akaongea. Mwanzoni hakujua aseme nini, akaeleza alichokuwa anakiona. Kwamba mama yake kavaa kitenge cha kijani. Kwamba jogoo wa jirani ameruka tena ukuta na yuko kwenye mchicha. Bajaji ilikuwa inanguruma sikioni mwake na Julieth anaguna, naye akaendelea, akasimulia alivyozaliwa yeye Julieth, mvua ilivyokuwa, mkunga alivyomtuma maji ya moto akaleta chai. Julieth akacheka katikati ya uchungu, kisha akaacha kucheka. Valentino akaongeza sauti kidogo. Alisikia wanashuka, akasikia milango, akasikia wanamuuliza jina na umri, akasikia Ng'washi akisema simu haitoki, yeye ndiye ataishika.

Mara mbili laini ilikatika na mara mbili Ng'washi akapiga. Kila ikilia alipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. "Nipo," anasema, na anaendelea alipoachia. Alisimulia bei ya maharage. Alisimulia ugomvi wa kwaya ulioanza kwa ajili ya sare. Koo lilimkauka, Eustadia akamletea maji, akanywa huku anaongea. Kutoka upande wa pili wakati mwingine alimsikia bintiye akilia kwa sauti ambayo baba hapaswi kuisikia, na woga ulimshika pale pale, haukuwa umekwenda mahali. Hakuwa tena na njia ya kuukimbia kwa gari, kwa hiyo akakaa nao na kuendelea kuongea.

Ilipata saa tano. Alikuwa katikati ya habari za mbwa wa katekista aliposikia sauti ngeni ya mwanamke, sauti ya kazi.

"Huyu anayeongea muda wote huo ni nani?"

"Ni baba yake," Ng'washi akajibu.

Simu ikasogezwa. "Mzee," akasema nesi, "umefanya vizuri. Sasa nyamaza kidogo, usikie."

Valentino akanyamaza katikati ya neno. Akasikia maji yanamiminwa, akasikia Ng'washi anavuta pumzi, kisha kutoka Bukene akamsikia mtoto analia.