Nilifukuzwa Ukweni kwa Sababu ya Timu ya Jimbo la Jirani

Mimi nimewahi kufukuzwa ukweni kwa sababu ya soksi.

Sio soksi chafu. Sio zilizotoboka. Zilikuwa mpya kabisa, nilizinunua wiki hiyohiyo ili nipendeze.

Kosa lilikuwa rangi.

Naitwa Milo Kopecky, mkulima wa mahindi na mfugaji wa nguruwe, kaskazini mwa Iowa. Kabla sijafika kwenye hizo soksi, lazima ujue kitu kimoja kuhusu jimbo letu.

Hatuna timu.

Chukua ligi kubwa za nchi hii. Mpira wetu wa kuvaa kofia ngumu, kikapu, besiboli, magongo ya kwenye barafu. Gawanya timu zote kwa majimbo. California wanazo mpaka wanachanganya majina. Iowa tunapata sifuri.

Sasa binadamu ataishije bila timu? Tunaazima kwa majirani. Kaskazini kuna Minnesota, mashariki kuna Chicago, kusini kuna Kansas City. Unaweza kukuta barabara moja ya vumbi ina nyumba tatu, na kila nyumba inalilia timu ya jirani tofauti.

Na mtoto haulizwi. Unazaliwa, unafungwa nepi, unapewa timu.

Kwetu sisi ni Chicago. Babu yangu alichinja nguruwe kwenye viwanda vya nyama vya kule kabla hajapata shamba huku. Alikuja na visu vyake na mapenzi ya timu, basi.

Solveig nilimpata kwenye mnada wa matrekta. Alinizidi dau kwenye trekta niliyokuwa nimeitolea macho mwaka mzima, halafu akanigeukia akauliza kama naweza kumsaidia kuifikisha kwao, maana yeye hakuja na trela.

Nikamfikishia trekta yangu mpaka getini kwao. Nikarudi nyumbani natabasamu kama mjinga. Nilikuwa nimekwisha.

Miezi ikapita, mambo yakawa mazito, akaniambia nije chakula cha Jumapili nijitambulishe.

"Ila Milo, nyumbani ni watu wa Minnesota."

"Sitaongelea mpira."

"Hata ukiulizwa?"

"Nitaongelea mvua."

Nikafika. Sanduku la barua, zambarau, rangi ya timu ya Minnesota. Mlango wa banda, zambarau. Mlangoni amesimama bibi yake, Bibi Thora, kamwili kadogo, umri karibu tisini, sweta la zambarau kalifuma mwenyewe. Shamba lile ni lake, nyumba ni yake, na neno la mwisho ni lake. Ndiye aliyemlea Solveig wakati mama yake, Ardis, akifanya kazi za zamu hospitalini.

"Karibu, kijana. Vua viatu."

Kimenuka.

Nikavua. Soksi zangu zikatokeza, rangi ya machungwa na bluu iliyokoza, na kichwa cha dubu kwenye kila kifundo. Chicago mtupu.

Bibi Thora akainama kuzitazama.

"Hizo nini?"

"Soksi, bibi."

"Naona ni soksi. Nauliza zimeingiaje kwangu."

Nikajaribu ile ya mvua. Nikasema naona wingu linakuja.

"Orrin," akaita, "msindikize mgeni."

Orrin ndiye baba yake Solveig. Pande la mtu, mabega kama mlango wa ghala. Akanishika kiwiko mpaka kwenye gari, nyuma tukisikia harufu nzuri ya nyama ya kusaga na viazi vikitoka jikoni bila mimi.

"Kijana," akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, "hapa hatuchezi. Chicago hapa hapana."

Halafu akanifungia mlango wa gari taratibu, kama vile ana huruma. Sikumwelewa.

Solveig akanipigia kesho yake.

"Bibi kasema unaweza kurudi."

"Afadhali."

"Kwa sharti. Minnesota wakicheza na Chicago mwezi wa kumi na moja, ukoo wote utakuwa sebuleni. Uje umevaa jezi ya zambarau, uimbe wimbo wa timu na sisi."

Nikakaa kwenye ngazi ya mlangoni.

"Milo, mimi mpira haunihusu. Ukikataa nitaolewa na wewe tu. Lakini yule bibi amenilea. Nikitazama benchi la mbele kanisani nisimuone, sijui nitasimamaje pale."

Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Nikaenda kwa baba, Leland. Yuko zizini, hata hakugeuka.

"Baba, ni jezi tu. Siku moja."

"Wanaanzaga na siku moja."

"Kwa hiyo nimwache?"

Akamkuna nguruwe mgongoni, akafikiri.

"Usimwache. Msichana anayejua trekta haachwi. Lakini ukivaa hilo lizambarau, pitia njia ya nyuma. Nisikuone."

Basi, nikanunua jezi. Jumapili ikafika, mahindi yameshavunwa, theluji ya kwanza inaanza kudondoka. Sebule imejaa wajomba, mashangazi na watoto. Wote zambarau. Bibi Thora amekaa kwenye kiti chake katikati kama jaji.

Nikaimba. Tena niliimba kwa sauti. Orrin alikuwa karibu yangu, anaimba kuliko wote, mishipa ya shingo imemtoka. Solveig akanibana mkono, ana furaha mpaka anang'aa.

Nikajiambia, mbona rahisi.

Mpira ukaanza. Chicago wakafunga mapema tu.

Jamani, hujawahi kuteseka kama hujawahi kunyamaza timu yako ikifunga. Sebule nzima ikaguna, na mimi nikaguna. Ndani ya kifua kitu kinarukaruka kama ndama. Nikayashika magoti yangu yasinisaliti.

Chicago wakakaribia tena. Nikaona hapa nitaumbuka. Nikasimama, nikasema naenda kuongeza kuni.

Nje baridi, hewa safi. Nikavuta pumzi. Ndipo nikasikia sauti ya mtangazaji.

Haikutoka ndani ya nyumba. Ilitoka kwenye banda la mashine. Na nilimjua yule mtangazaji, nimekua naye. Ni wa redio ya Chicago.

Nikasogea taratibu, nikachungulia.

Juu ya mashine ya kuvunia, ndani ya kile chumba cha dereva, amekaa Orrin. Sikumuona alivyotoka. Jezi ya zambarau mwilini, ngumi mbili zimekunjwa chini ya kidevu, macho yamefumbwa.

"Nenda," ananong'ona. "Nenda, nenda, nenda."

Anayemwambia aende ni mchezaji wa Chicago.

Nikaishiwa pozi. Nikakanyaga ndoo. Orrin akafumbua macho.

Tukatazamana, wanaume wawili wa zambarau wa uongo.

Akazima redio. Akaiwasha tena. Akafungua mlango.

"Panda, baridi itakuua."

Nikapanda. Kulikuwa na kiti kidogo pembeni.

"Mimi kwetu ni Dubuque," akaanza, "kule mtoni. Ukivuka daraja uko Illinois. Kwetu wote Chicago, mpaka mbwa."

"Sasa ikawaje?"

"Nikamtaka Ardis. Mama yake akanipa sharti lilelile. Nikasema nitaigiza mpaka ndoa ipite. Ndoa ikapita, nikasema mpaka mtoto azaliwe. Mtoto akazaliwa." Akainua mabega. "Halafu unaona aibu kuanza kusema ukweli."

"Mama Solveig anajua?"

"Hapana. Chicago walipochukua ubingwa ule mkubwa, nilijifungia bafuni nikalia. Nilitoka macho mekundu, nikamwambia nimejipaka pilipili."

Nilitaka kucheka, nikamtazama usoni, nikashindwa. Yule baba alikuwa ana mke mzuri, watoto wazuri, shamba zuri. Ila kila Jumapili ya mpira anakuja kukaa peke yake kwenye baridi.

Akapigapiga kile kiti nilichokalia.

"Wewe una bahati. Mimi sikuwa na mwenzangu. Tutakuwa tunakuja wawili. Naleta chai kwenye chupa."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Alikuwa ananikaribisha kwenye familia.

Na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilijiona nina mvi, niko kwenye kile kiti, nanong'ona.

"Mzee, nashukuru," nikasema. "Lakini naomba nishuke."

Nikarudi ndani. Ilikuwa mapumziko, watu wanajipakulia. Nikasimama mbele ya Bibi Thora, nikavua jezi mbele ya ukoo mzima. Nikabaki na fulana ya ndani.

"Bibi, mimi ni wa Chicago. Nimezaliwa hivyo, na nilivyoimba pale nilikudanganya. Nampenda Solveig kuliko kitu chochote. Ila siwezi kuanza naye kwa uongo, wala na wewe. Ukinifukuza, nitaondoka."

Kijiko kikaanguka mahali. Solveig akaja akasimama kando yangu.

Bibi Thora akanikagua kuanzia juu mpaka chini.

"Chicago ni takataka," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Lakini angalau wewe unasema. Kaa chini, chakula kinapoa."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Chicago mmoja ninaye tayari kwenye hii nyumba," akaendelea, huku anapuliza kahawa yake. "Dirisha la chumba changu linatazamana na banda. Miaka yote hii nasikia redio. Nimemngoja mkwe wangu aje aniambie kama mwanaume, mpaka nimezeeka. Unadhani sharti nimekupa la nini? Nilitaka kuona kama naletewa mwingine wa kujificha."

Kila mtu akageuka mlangoni. Orrin alikuwa amesimama pale, theluji begani, chupa ya chai mkononi.

Ardis akaweka sahani chini polepole.

"Orrin. Ile pilipili."

"Haikuwa pilipili, mama Solveig."

"Nilikupeleka mpaka kwa daktari wa macho."

"Najua. Naomba unisamehe."

Mimi roho juu. Nikajua nimevunja ndoa ya watu Jumapili mchana.

Ardis akamfuata, akampangusa theluji begani.

"Miaka yote nilidhani unaenda kule kwa sababu umenichoka," akasema. "Nikawa naona aibu kukuuliza. Kumbe ni mpira tu? Njoo ukae, mjinga wewe."

Akamvuta mpaka kwenye kochi. Orrin alikaa mkao wa mtu aliyeketi kwenye mayai. Mjomba mmoja akamrushia mto wa zambarau usoni, sebule nzima ikapasuka kwa kicheko.

Tulioana majira ya kuchipua. Bibi Thora alikaa benchi la mbele, sweta lilelile. Baba yangu alikaa upande wa pili, wakakaguana ibada nzima.

Msimu uliofuata nilikata tiketi za mechi ya Chicago na Minnesota. Tukaendesha gari mpaka Chicago, mimi na Solveig mbele, Orrin na Ardis nyuma. Ardis alivaa zambarau katikati ya uwanja ule, akazomewa, akawa anawapungia mkono.

Orrin alikuwa hajawahi kukanyaga pale maisha yake yote. Dakika za mwanzo alikaa kimya, mikono mapajani. Chicago wakafunga, uwanja ukalipuka, yeye midomo inachezacheza tu.

"Baba, vipi?" Solveig akamuuliza.

"Sauti haitoki," akasema. "Nimezoea kunong'ona."

Ardis akamshika mkono, akasimama naye.

"Haya, piga kelele. Mimi niko hapa."

Wakafunga tena. Yule mzee alitoa ukelele ambao watu wa safu tano za mbele waligeuka kutazama. Akawa analia, anacheka, na hakumwambia mtu yeyote habari ya pilipili.

Ndugu msomaji, timu zitagawiwa miji wanayotaka wenye fedha, na wengine tutaendelea kuazima. Hilo halina shida. Ila anayekupenda mpe nafasi akujue ulivyo, maana ukijificha sana, na yeye atakaa upande wake anajiuliza amekukosea nini.

Chicago siku ile walipigwa, kwa taarifa yako. Orrin anasema ndiyo siku nzuri kuliko zote.