Kidole cha Mpiga Pasi

Mume wangu Gaetano hupima joto la pasi kwa kidole. Mkono wa kulia unainua pasi ya mkaa, kisha analamba ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto na kugusa chuma mara moja tu, halafu anaamua: hii inafaa jinzi, hii bado kali kwa hariri. Wengine husikiliza mlio wa mate. Yeye husikiliza kidole. Hapa Gumbo, kando ya barabara ya Nimule, hakuna mtu aliyewahi kudai nguo iliyoungua kwake, na jambo hilo nimelitangaza sokoni hadi watu wakachoka kunisikia.

Mikono ndiyo hiyo. Miguu ilibaki Nesitu, kwenye barabara hiyohiyo. Alikuwa utingo wa lori la saruji, lori likalala ubavu, yeye akarushwa na uti wa mgongo ukaumia. Kuanzia kifuani kwenda chini hasikii kitu. Ukimchoma sindano gotini ataendelea kukusimulia habari za mpira. Tulilia, tukamaliza. Siku moja wodini alinishika mkono akasema, "Mama Lilly, mikono iko. Kama mikono iko, mimi bado mtu."

Kilichokuja kututesa ni shingo. Mtu wa kiti cha magurudumu hutumia mabega kwa kila jambo: kujisukuma kwenye changarawe, kujinyanyua kitandani, kujigeuza. Halafu siku nzima kichwa kimeinama mezani. Na mteja akifika, anasimama. Sijui kwa nini watu wanapenda kusimama hivyo. Basi Gaetano anainua uso kumjibu, anauinamisha, anauinua tena, hadi jioni shingo imekakamaa, ukimwita anageuka yeye na kiti chake. Nikanunua benchi, nikaweka amri kwamba hakuna kuzungumza na mume wangu umesimama. Hata askari mmoja mwenye nyota begani nilimwambia aketi, na aliketi.

Sista Ayen wa kituo cha mazoezi, ng'ambo ya daraja la mto, alituongezea mengine. Meza iinuliwe, mto wa kulalia uwe mwembamba, taulo ya moto shingoni kila jioni, apumzike kabla hajachoka. Kisha akaacha kutabasamu. "Hii shingo asizungushe mtu," akasema. "Na vidole vikianza kufa ganzi, ama moto usimuume, mnakuja siku hiyohiyo. Jeraha la uti linaweza kupanda."

Neno hilo, kupanda, sikulipenda hata kidogo. Nilirudi nalo nyumbani, nikawa namvizia vidole kila anapokula.

Mvua zilipoanza maumivu yalizidi. Alikuwa anapiga pasi amefumba macho. Sasa, pale njia panda kuna kinyozi anaitwa Severino. Akimaliza kukunyoa anakishika kichwa chako kwa viganja viwili, anakizungusha kulia, kushoto, shingo inalia ka, na wewe unainuka ukijiona kijana. Wanaume wanalipia ndevu lakini wanafuata hiyo ka. Nikaona Gaetano ananyolewa mara nyingi kuliko ndevu zake chache zinavyoota. Nilipomuuliza alicheka. "Kwani hutaki bwana msafi?"

Asubuhi moja nilimwita kutoka jikoni, naye akageuza shingo. Shingo peke yake, kiti kimetulia. "Kalas, basi," akasema. "Maumivu naisha. Ni Severino." Nilipaswa kugomba siku nzima. Badala yake niliimba, kisha nikampelekea Severino kuku jike, tena yule wangu anayetaga vizuri. Sista Ayen na maneno yake nikamweka kando.

Jioni hiyo nilimkanda kwa mazoea tu. "Maji yako siku hizi baridi," akaniambia. Kesho yake nikayachemsha zaidi. Nilipokamua taulo viganja vyangu viliwaka, ikabidi niivute kwa ncha. "Bado baridi," akasema. Nikalaumu taulo, kwamba imezeeka.

Alhamisi akaja Yarow, Msomali wa duka la jumla anayetuletea kanzu yake ya Ijumaa. Alikuwa ameibeba ile kanzu mkononi. Aliketi kwenye benchi, maana amri anaijua, akaikunjua magotini. Kifuani palikuwa na alama ya kahawia, umbo la ncha ya pasi.

"Mama Lilly, sikuja kugombana," akasema. "Kanzu si kitu. Lakini huyu ndugu yangu hajawahi kunichomea nguo. Ako sawa kweli?"

"Mkaa ya siku hizi mbaya," Gaetano akajibu.

Mimi nilikuwa nimeanza kuogopa. Nikasema, "Pima pasi, Baba Lilly. Nataka kuona."

Akanicheka. Akainua pasi, akalamba kidole, akagusa chuma. Kidole kikabaki pale. Aliniangalia kwa tabasamu, akingoja, na kidole kikazidi kukaa. "Bado baridi," akasema.

Harufu ilitufikia sote. Yarow ndiye aliyeuvuta mkono, mimi nilishindwa kusogea. Kipande cha ngozi kilibaki kwenye chuma. Gaetano alikitazama kile kidole, akiwa ameacha kutabasamu. Nadhani alikuwa anahesabu moyoni: shingo iliyonyamaza, mabega, taulo. Hakuwa amepona. Alikuwa anapotea kidogokidogo kuelekea juu, na sisi tulishangilia kwa kuku.

Kisha akahamisha pasi, mkono wa kushoto ukaishika. Akalamba kidole cha mkono wa kulia.

"Acha," nikasema.

"Hii ndiyo mkono ya kazi," akasema. "Nataka kujua sasa."

Akagusa. Mkono ukaruka, pasi ikaanguka mchangani na makaa yake, naye akatoa tusi la Kibari ambalo siwezi kuliandika. "Inauma," akasema. "Inauma, Mama Lilly." Alikuwa analia na kucheka. Na mimi, niliyemwomba Mungu miaka yote amwondolee mume wangu maumivu, nikamshukuru kwa hilo moja lililobaki.

Yarow alisimamisha raksha, yaani bajaji, akamnyanyua mwenyewe, akakifunga kiti kwa kamba nyuma. Mimi nilikaa upande wa kulia wa Gaetano, nikaushika ule mkono wa kazi na kuanza kumfinya. Alilalamika. Nikamfinya tena, akasema nitammaliza kabla ya sista kumwona. Kila alipolalamika nilipumua.

Katikati ya daraja nilimfinya, akanyamaza. Nikatia kucha. Alikuwa ameugeuzia mto uso wake.

"Baba Lilly."

"Nasikia," akasema bila kugeuka. "Nilikuwa naangalia maji."

Sikumwamini, nikamfinya tena.