Mivumu ya Kilimani

Niliishia darasa la saba. Naandika polepole, na mbele ya watu sauti hunikauka. Lakini fomu ya bibi niliijaza mwenyewe, na sioni aibu kusema nilivyoijaza.

Kijiji chetu kiko upande wa Kasulu unaoelekea Burundi. Wazee walikuwa wanaombewa vitambulisho vya taifa, na mtendaji wa kijiji, mgeni aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, akamwuliza bibi alihamia hapa lini. Bibi hajui kudanganya. Akajibu alikuja na mtoto mgongoni, akanyoosha mkono kuelekea kilima cha magharibi. Mtendaji akaandika: Burundi. Fomu ikawekwa kando, kwa watu wa kuchunguzwa.

Kumbe kijiji chote kilihamia. Zamani Waha tulikaa vilimani, kila mji, yaani boma la familia moja, na shamba lake, hadi serikali ilipotuteremsha ikatupanga mistari kando ya barabara. Mzee yeyote hapa atakwambia alikuja. Wenzake bibi walionyesha vilima vya mashariki, wakapita.

Bibi huwauzia maharage watu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anajua wanavyoishi kwa karatasi. Alisema tu kwamba hataki kufa akiwa mgeni kwao.

Nikakumbuka darasani, mwalimu alipoweka kidole ukingoni mwa ramani, juu ya kwetu, akasema nchi inaishia hapa. Nilitaka kumwuliza mbona mimi nimeanzia hapo hapo. Sikuthubutu.

Safari hii nilikwenda. Nikamwamkia mtendaji, nikamwomba tupande kilimani. Akacheka.

"Nyie wa mpakani, kijana, kila mtu hujiita mzaliwa wa hapa."

"Twende ukaone, mzee. Ukikuta hakuna kitu, ichane fomu."

Nadhani alikubali kwa mshangao, maana hakuwahi kunisikia nikisema zaidi ya shikamoo. Boda ikatufikisha chini ya kilima, tukapanda kwa miguu.

Kule juu hakuna nyumba tena. Ipo mivumu tu, imezunguka uwanja mtupu. Muha akianzisha mji huchomeka matawi ya mvumu kuzunguka ua, nayo hushika yakawa miti. Ile ilipandwa na baba yake bibi. Bibi aliolewa mji wa jirani, kilima hicho hicho. Sasa watu wawili hawawezi kuukumbatia mvumu mmoja wakashikana mikono. Jiwe la kusagia la mama yake bado lipo, limebonyea katikati.

Nikamwonyesha bonde, kisha mto kwa mbali, kisha Burundi ng'ambo yake.

"Mpaka uko kule," nikamwambia. "Na waliouchora hawakupanda hata mti mmoja."

Akageuka akaitazama mivumu. Nami sikuwa nimemaliza kufikiri. Nchi hii inajua mwisho wake uko wapi kwa sababu kuna watu waliolima hadi hapo, halafu watu hao hao ndio wanaoulizwa wametoka wapi. Siku hizi nikiulizwa nimetoka wapi, namwuliza na anayeniuliza.

Mtendaji akapangusa majani juu ya jiwe. Hakuomba radhi. Alitoa fomu mpya kwenye mkoba, akanipa kalamu. Nikaitandaza juu ya jiwe, na kwenye nafasi ya mahali pa kuzaliwa nikaanza kuandika jina la kilima, herufi moja moja. Akatazama simu, akasema boda inatusubiri chini.

"Isubiri," nikasema, nikaendelea kwa mwendo wangu.