Jino Lililolegea Tangu Sikukuu

Jino langu la mbele, la juu kushoto, linacheza. Si la utoto, la kung'oka likaota jengine. Ni la mtu wa miaka kumi na tisa, na likitoka ndo basi. Nikisoma Qur'ani, kila nikifika kwenye herufi ya thaa ulimi unagusa ncha yake, nalisikia linasogea mbele kidogo, kama mlango ambao komeo lake halijakaa sawa. Mkate wa asubuhi nauma kwa pembeni. Maji ya friji nayanywa nimefumba macho. Na nikimwona shangazi yangu amekaa ukumbini akichambua mchele, natamani kumrushia kitu. Sijamrushia. Naandika tu hapa.

Kwetu ni Kiwengwa. Mama analima mwani, na mimi nililetwa mjini kwa shangazi, dada yake baba, ili nisome sekondari. Anakaa Mkunazini, ghorofa ya pili, ngazi zake za giza hata mchana. Ni mkarimu. Kila mtu anasema hivyo, na yeye ndiye wa kwanza kusema. Meno yangu ya juu yalikuwa yamechomoza, na siku niliyofika alinitazama akasema mbele ya mama, "Huyu meno yake yanafika kabla yeye hajafika." Mama akacheka. Mimi sikucheka, maana nikicheka ndo yanaonekana zaidi.

Nilipotimiza miaka kumi na saba akanipeleka nikafungwa bresi, vile vyuma vya kurudisha meno nyuma. Hakuniuliza kama nataka. Alisema, "Nani atakuja kukuposa na mdomo huo?" nami nikavaa buibui langu tukatoka. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Nikiitwa naitika naam, nikiambiwa kaa nakaa. Nilikaa kwenye kile kiti cha kulaza kichwa, taa usoni, shangazi na daktari wakizungumza juu ya mdomo wangu kama watu wawili wanaokagua samaki sokoni.

Vyuma vilipofunguliwa nilikuwa nshaingia kidato cha sita. Daktari akanipa riteina, kifuniko chembamba cha plastiki kinachovikwa juu ya meno ili yasirudi yalikotoka.

"Ivae usiku na mchana," aliniambia. "Uitoe ukila na ukipiga mswaki, basi. Mwaka huu wa kwanza usinifanyie mzaha."

"Naam, daktari."

Haukupita muda Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza ya kufunga, baada ya alasiri, tulikuwa jikoni tunakunja sambusa: mimi, shangazi, na jirani wa ghorofa ya chini, mama mmoja mnene ambaye neno likimjia halimkai moyoni. Nikapiga mwayo. Shangazi akaiona plastiki inang'aa.

"We! Umefunga na hiyo mdomoni?"

"Daktari kasema..."

"Daktari ndo mwenye saumu? Kutwa unafyonza plastiki, mate yanakujaa, unayameza. Hiyo saumu au mchezo?"

"Mwache mtoto wa watu," jirani akasema, mikono yake imejaa unga. "Mbona weye hayo yako mawili ya bandia huyatoi?"

Jengo zima linajua kwamba shangazi ana meno mawili ya bandia, na hakuna anayethubutu kuyataja. Niliinamia sambusa yangu nikaibana pembe zake tena na tena.

"Haya yangu ni meno," shangazi akasema. "Ile yake ni plastiki."

"Aaa! Na hayo yako yametengenezwa kwa nini, bibiye? Kwa pembe ya ndovu?"

Jirani alicheka mpaka akaishika meza. Shangazi hakucheka. Alininyooshea kiganja.

"Tema."

Nikatema. Riteina ikaanguka kwenye kiganja chake pamoja na mate yangu, mbele ya jirani, naye akaishika kwa ncha za vidole kama aliyepewa mende.

"Basi ntaivaa usiku," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Usiku ulale nayo, alfajiri ikukute nayo mdomoni? Mpaka Sikukuu."

Ikatiwa kwenye bilauri, bilauri ikawekwa kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Ningeweza kumuuliza mwalimu wa dini shuleni. Ningeweza kumpigia daktari. Lakini kumuuliza mwalimu maana yake nimwambie shangazi kwamba nimeuliza, na hapo nikaona haya. Watu wanaisifu haya kuwa ni tabia njema. Kwangu mimi haya ni kukanyagwa mguu kisha ukaomba radhi.

Sikukuu mosi, asubuhi, jamaa wameshaanza kupanda ngazi, shangazi akaja chumbani na bilauri ile mkononi. Amejipamba, ananukia udi mpaka kwenye kanga.

"Haya, vaa, ukapige picha na meno yako."

Haikuingia. Meno yalikuwa yameshaanza safari ya kurudi, na lile la kushoto lilitangulia mbele ya wenzake. Plastiki ilikaa juu yake kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima.

"Haiingii, shangazi."

"Inaingia. Hujui kusukuma tu."

Akanishika kidevu. Akalizungushia gumba lake upindo wa kanga, akaliweka kwenye jino, akasukuma. Nilisikia kitu kinagota ndani, juu, karibu na pua, na machozi yakatoka bila ya mimi kulia. Plastiki ikaingia.

"Si hiyo! Haya, cheka basi."

Kwenye picha nimefumba mdomo na macho ni mekundu. Aliiweka kwenye simu yake watu waione, akaandika "binti yangu" na maua.

Usiku niliivua, na haikuingia tena. Nilidhani ni maumivu ya siku ile. Yakabaki. Yakawa ya asubuhi, yakawa ya kutwa, jino likawa linanidunda nikiwa darasani kama lina moyo wake. Kisha siku moja nikauma kipande cha muhogo, likasogea. Nilibakia na muhogo mdomoni, siwezi kutafuna, siwezi kutema.

Nikaanza kusoma kwenye simu. Nilisoma ya watu wazima wa nchi za mbali waliofungwa vyuma, wakafunguliwa, na meno yao hayakukaza tena. Mmoja aliandika kwamba mizizi ya meno yake imeliwa, imebaki vijiti vifupi. Baada ya hapo kila saa nikawa nalisukuma kwa ulimi ili nijue kama limezidi. Linazidi? Sijui. Nalisukuma tena. Msichana ninayekaa naye dawati moja akaniuliza, "Mbona siku hizi unaongea kama umeficha pipi?" Nikamwambia nina kidonda.

Shangazi naye alikuwa na njia yake. Kila akipita, "Hebu nione," gumba ndani, analitikisa. "Halichezi hili. Unajitia hofu tu." Siku moja akalipaka mafuta ya karafuu mpaka fizi ikababuka.

Nikampigia mama. "Mama, jino linacheza."

"Shangazi yako ananambia halichezi."

Kumbe mdomo wangu ulikuwa na msemaji.

Asubuhi moja nikaacha damu kwenye mkate, mbele yake, na hapo ndipo aliponipeleka. Tulimwamkia daktari, nikalala kwenye kiti. Akalibana jino katikati ya vipini vya vyuma viwili, akalisukuma taratibu. Lilisogea. Niliona uso wake unabadilika, naye akaona kwamba nimeona.

"Riteina ulikuwa unaivaa?"

Kabla sijafungua mdomo shangazi akadakia. "Watoto wa sasa, daktari! Unamwambia usiku na mchana, yeye anaitupa kabatini. Mie nshachoka kusema."

Daktari akatikisa kichwa. "Mtu mzima mzima, hujijali. Haya, ntakutengenezea nyengine. Ukiivaa ipasavyo litakaa." Na akaanza kuvua glavu.

Nikaona jinsi itakavyokuwa. Ntarudi nyumbani na plastiki mpya na gumba lile lile. Na jino hili moja.

"Yeye ndiye aliyeitoa," nikasema.

Wote wawili walinitazama.

"Ramadhani nzima aliifungia kabatini. Sikukuu akaisukuma kwa kidole mpaka ikaingia kwa nguvu. Tangu siku ile linauma. Na kila akipita analitikisa."

"Mie?" shangazi akasema. "Mie niliyekuleta hapa?"

Daktari alivaa glavu upya, akanipeleka kupigwa picha ya eksirei, akaitazama muda mrefu. Mzizi umepungua kidogo, akasema. Hutokea meno yakisogezwa, na kwa mtu aliyekomaa huwa vibaya zaidi. Kisha kule kusukumwa kwa nguvu siku ile kumelilegeza.

"Hilo la mzizi hukunambia mwanzo," nikasema. Sijui ilitoka wapi. Nilikuwa namchukia na yeye pia, mikono yake misafi na makaripio yake.

"Nilimwambia mlezi wako."

Nikamgeukia shangazi. Alikuwa anatazama picha ya meno ukutani, anaisoma kama kuna mtihani.

"Litang'oka?"

"Sijui," daktari akasema. "Leo hapana." Akagandisha kwa gundi waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele, ili lile bovu lishikwe na wenzake. "Usilitumie kuuma kitu. Usilitikise, wewe wala mtu mwengine. Linaweza kukaza. Linaweza kubaki hivi hivi. Baada ya miezi kadhaa tutajua."

Tuliposhuka kwenye ngazi shangazi akasimama. "Umenivunjia heshima mbele ya mtu. Ungeninong'oneza tukishatoka."

"Tukishatoka ungesema mie mwongo."

Akakaza buibui lake akatangulia kichochoroni bila ya kunisubiri. Sikumkimbilia. Mdomoni nilikuwa na ladha ya gundi, na jino linapwita nyuma ya waya. Ulimi ukaondoka wenyewe kwenda kulitafuta, kuangalia kama limekaza. Nikaurudisha chini. Ukaenda tena. Nikaubana kwa magego, nikatembea hivyo hivyo mpaka nyumbani.